Msimu wa Kelele Zangu

Alhamisi, 28 Agosti

Koni ni zile zile nilizoziacha miaka sita iliyopita. Rangi imekwisha, moja imepasuka katikati. Nimezipanga mwenyewe. Wasichana wakaja mmojammoja wanaburuza miguu kama wanaenda kung'olewa jino. Nikawaambia wakimbie kuzunguka uwanja. Wakauliza mara ngapi. Nikasema mpaka nichoke mimi kuwatazama. Mimi sichoki haraka.

Mwaka jana hawakushinda hata mechi moja. Hata moja, jamani! Doug, mkuu wa michezo wa chuo, aliponipigia simu nirudi, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Kanieleza bila kuzunguka: wasipoingia hatua ya mtoano msimu huu, timu ya mpira ya wanawake inafutwa. Basi. Nikamwambia apumue. Hii timu niliikuta inaburuza mkia nikaiacha na kombe. Kazi niliyoifanya mara moja naijua njia yake.

Miguu inauma. Furaha tupu.

Jumapili, 31 Agosti

Nimepika samaki wa nazi. Zuhura kala sahani mbili, kaosha vyombo, karudi kwenye simu yake. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza. Ndivyo tunavyoishi humu ndani tangu ana miaka mitano, na nimeshaacha kupigana. Binti yangu mwenyewe, miaka kumi na tisa, na mpira anaujua. Beki wa kati mzuri kuliko yeyote nilionao. Anachezea chuo kingine. Cha kwangu alikikataa siku ile ile niliposema narudi. Hataki kuitwa mtoto wa kocha. Kaniudhi, lakini namwelewa. Niliiacha hii timu alipoanza sekondari na baba yake akahamia Calgary na mke mwingine. Miaka sita sikupuliza filimbi kwa ajili yake. Sasa nimerudi, na yeye yuko upande wa pili.

Mama kapiga simu kutoka Tanga. Swali lake ni moja tu, tunakwenda lini. Nikamjibu mwakani, inshallah. Nikamgeukia Zuhura nikamwambia taratibu, mwakani tunakwenda kumwona bibi, mwanangu. Hakuinua macho.

Kwenye simu na mama huwa napaza sauti kidogo. Jirani akagonga ukuta. Jumba zima hili la Etobicoke, hapa Toronto, lina watu wa kila pembe ya dunia, mwenye masikio mepesi kawekwa karibu na mimi.

Jumanne, 2 Septemba

Nimetoka ofisini Don Mills saa nane mchana, nikakuta Kaka Karim ameshafika uwanjani na glavu zake za zamani. Nilimpigia simu wiki iliyopita nikidhani atakataa. Mzaliwa wa Mwanza, Muhindi wa Ismailia, alikuwa kipa ujanani, ana duka la vifaa vya umeme Markham ambalo sasa limeangukia kwa wanawe. Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Tulibeba lile kombe pamoja. Ameniwekea sharti moja: Ijumaa jioni hayupo, yuko jamatkhana kwenye ibada yao. Nikamwambia Ijumaa na mimi nataka kulala.

Kaangalia wasichana nusu saa. Kisha kasema Mama Zuhura, hawa hawana ubaya, wamezoea kufungwa tu. Nakubaliana naye. Wakifungwa wanainama kama wamekosa wao. Hiyo naiondoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumefungwa mbili kwa moja. Sina huzuni. Nimeona kitu.

Mimi mpira ukianza Kiingereza kinanikimbia. Kiingereza ni cha ofisini, cha madai ya bima na samahani tafadhali. Uwanjani nafungua mdomo na inatoka Tanga. Panda! Rudi! Achia! Mgeuzie! Leo kipindi cha kwanza wasichana wakawa wananitazama kama nimepandwa na pepo. Mapumziko, Keisha, nahodha wangu, kiungo, familia yake ya Jamaika, akaniuliza panda maana yake nini. Nikamwambia nenda mbele. Kipindi cha pili kila nikisema panda, anapanda. Na wale wa upande wa pili hawajui nimesema nini! Tulipata bao letu hivyo. Nilisema panda na mgeuzie, Keisha akageuza mpira, Sukhi, mshambuliaji wangu, akafunga, mabeki wao bado wanatazama benchi letu.

Timu ile ya kombe nayo ilikuwa inanielewa. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Jumatano, 10 Septemba

Darasa la Kiswahili kwenye nyasi bandia. Panda, rudi, achia, mgeuzie, mbane, mwache, polepole, piga. Megan, kipa, nywele nyekundu, mtoto wa mashambani huko kaskazini, anasema "mbane" kama anatema mbegu ya tikiti. Kaka Karim hana mbavu. Sukhi kashika haraka kuliko wote. Anasema nyumbani kwao Kipunjabi kinapigiwa kelele hivyo hivyo, kazoea.

Wamecheka sana leo. Mara ya kwanza nawasikia wakicheka pamoja.

Jumamosi, 13 Septemba

TUMESHINDA. Moja bila.

Walilia! Nikawaambia wafute machozi, ni mechi moja, kombe liko mbali. Nikaenda kwenye gari, nikafunga mlango, nikalia na mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Tena. Tatu kwa moja, ugenini. Kocha wao, kijana ana kishikwambi na msaidizi wa kusoma kishikwambi, alinifuata baada ya mechi akauliza ile ni lugha gani. Nikamwambia ya nyumbani. Kakaa akisubiri nimtajie zaidi. Nimemwacha na hamu yake.

Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu kama sio mimi? Doug katuma ujumbe wenye alama za mshangao tu.

Wiki ijayo tunacheza na chuo cha Zuhura. Nimemwambia ajiandae kulia. Kacheka, kabeba begi lake, katoka.

Jumamosi, 27 Septemba

Tatu bila. Tumefungwa tatu bila, na sio kufungwa, tumevuliwa nguo.

Kila nilichosema walikuwa wameshafika. Nikisema panda kulia, ukuta unahamia kulia. Nikisema mgeuzie, kuna mtu amesimama pale pale. Nikasema mwache yule nambari nane, amechoka, nambari nane akaanza kukimbia kama kaambiwa mama yake anamtazama. Nikazidi kupiga kelele. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo tulivyozidi kufungwa. Kaka Karim akanivuta mkono wa koti, sikumsikiliza. Keisha alinitazama mara moja kwa macho ya mtu anayeuliza, Kocha, unatufanyia nini?

Zuhura alicheza vizuri mno. Alikuwa anaongea na wenzake muda wote. Nikaona ni mambo ya mabeki.

Nyumbani nimebwaga sahani mezani. Nikasema kuna mtu ametuchunguza, kuna mtu amekuja mazoezini kwetu, nitamjua tu. Nazungumza na kisu na bakuli. Zuhura akamega ugali, akachovya, akatafuna mpaka akamaliza. Kisha kwa Kiingereza, bila haraka, akasema hakuna aliyechunguza kitu. Kwamba nina sauti kubwa. Kwamba yeye ananisikia tangu tumboni.



Jumapili, 28 Septemba

Nina hasira. Niziandike zitoke.

Nina hasira na Zuhura kwa kunichoma mbele ya watu. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe. Miaka yote hii nimewaambia watu msikitini, kwenye harusi, kwenye misiba, kwamba mwanangu Kiswahili hajui. Nimemsema akiwa amekaa ubavuni kwangu. Nimepanga mambo yake na mama kwenye simu akiwa chumba hicho hicho. Mtoto hajibu, basi mimi nikajua hasikii. Ni nani mwingine angekosea kosa la kipuuzi namna hii? Kila mzazi ninayemjua mjini hapa, ndiyo jibu.

Na chini ya hasira kuna kitu kingine, nacho nakiandika hapa tu. Anaelewa kila neno. Mpaka "amechoka huyo, mwache". Nilitabasamu bafuni nikiwa na mswaki mdomoni.

Jumanne, 30 Septemba

Kaka Karim nilipomwambia alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka akashika ubavu. Wajukuu wake ni vile vile, anasema. Juzi walimnunulia zawadi ya siku ya kuzaliwa ile ile aliyomnong'oneza mkewe kwa Kiswahili.

Wasichana nimewaambia ukweli. Keisha kauliza, kwa hiyo vyuo vingine bado havielewi? Nikasema bado. Akasema basi tuendelee. Huyu ndiye nahodha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sare. Baridi imeanza kuuma vidole. Sina la kuandika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ushindi, mbili bila! Megan kaokoa penalti. Kabla haijapigwa alikuwa anajisemea polepole, polepole, polepole. Ni neno nililomfundisha mimi. Nimemnunulia kofia ya sufu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Wenzetu wanakula bata mzinga, sisi pilau. Nimemwalika Kaka Karim na mkewe, wamekuja na mabokisi ya chapati na achari. Zuhura kawahudumia vizuri, shikamoo zote kazitoa, halafu kakimbilia chumbani.

Tukapiga hesabu na Kaka Karim. Imebaki mechi moja, nyumbani kwetu, na chuo cha Zuhura. Wao wameshapita, wanaongoza. Sisi sare inatutosha. Tukifungwa tumekwisha, msimu na timu.

Nimepata wazo. Kama Zuhura anasikiliza mdomo wangu, basi mdomo wangu uwe chambo. Nikianza na "haya, wanangu", neno linalofuata ni la uongo na wasichana wanafanya kinyume chake. Nikisema kulia, waende kushoto. Zuhura atawahamisha wenzake, na Sukhi atapita upande ulio wazi kama anakwenda dukani. Nzuri, sivyo?

Kaka Karim hakucheka. Akaweka kijiko chini. Akasema, Mama Zuhura, utamdanganya mtoto kwa lugha ya nyumbani? Nikamwambia ni mpira, Kaka Karim. Yeye alinifanyia mimi, tena mbele ya chuo kizima. Akasema yeye hakudanganya, alisikiliza tu.

Nimemwongezea pilau ili anyamaze.

Alhamisi, 23 Oktoba

Wiki nzima tunafanya uongo mazoezini. Haya, wanangu, kulia! Wanakwenda kushoto. Imeshika kama saa. Sukhi anaupenda mchezo huu kupita kiasi. Keisha anaufanya kwa sababu nimemwambia.

Doug kasimama kando ya uwanja jioni, mikono mfukoni. Kaniuliza tutaweza? Nikamwambia akanunue kalenda ya mwakani aandike mechi zetu.

Nyumbani mimi na Zuhura hatuzungumzii Jumamosi. Amepiga pasi jezi yake. Nami nikapiga pasi koti langu akiwa hayupo, kisha nikaona upuuzi wangu.   Nimechoka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niandike yote kabla sijalala.

Upepo mkali, jua kali, majani yanaruka uwanjani. Watu wengi kuliko nilivyozoea kuwaona hapa. Kipindi cha kwanza sikufungua mdomo sana. Walitufunga kwa kona, Megan hakuwa na kosa. Mapumziko tuko nyuma moja bila. Hakuna aliyeinama. Hilo lilinipa nguvu kuliko bao.

Kipindi cha pili nikangoja. Nikaona nafasi. Keisha ana mpira katikati, Sukhi yuko tayari, Zuhura amesimama mbele ya goli lao, kichwa kimegeuka kidogo kwenye benchi letu. Ananisikiliza. Nikaita kwa sauti laini, haya, wanangu, kulia, pelekeni kulia.

Wasichana wangu wote wakaenda kushoto. Zuhura hakusogea hata unyayo. Alinyanyua mkono kuwazuia wenzake, akangoja, mpira ukaja mpaka mguuni kwake kama kautumia nauli. Akaupiga mbali. Kisha akanitazama. Hakunicheka. Aliniangalia tu, kama vile nilivyokuwa namwangalia mimi akiniambia amefanya kazi za shule na hajafanya.

Nikajaribu tena. Ndiyo, nilijaribu tena, mimi na kichwa changu kigumu. Haya, wanangu. Akasimama pale pale.

Nimeaibika kuliko siku ile ya tatu bila. Siku ile alinishinda kwa kusikiliza. Leo nilisimama mbele ya watu nikimdanganya mwanangu kwa sauti ya mama yake, na yeye akajua.

Nikakaa chini. Kaka Karim akanisogezea chupa ya chai. Nikamwita Keisha alipokuja kurusha mpira karibu nasi, nikamwambia hakuna uongo tena, hakuna mimi tena, timu ni yako, sema unachokiona. Kaniuliza kwa lugha gani. Nikamwambia unayotaka.

Akachagua Kiswahili! Keisha wa watu. Panda, Sukhi, panda! Rudi! Mbane, mbane! Megan naye kutoka golini kwake huko, polepole, polepole. Wakawa wanaitana uwanja mzima kwa matamshi ya kutisha, na kila mmoja anamjibu mwenzake. Zuhura anayasikia yote na hayamsaidii kitu, maana yanasemwa wakati mguu umeshafika. Mimi siku zote nilikuwa nasema mapema mno. Nilikuwa nampa nafasi kila adui mwenye masikio.

Nilikaa juu ya mikono yangu miwili. Kweli, niliikalia.

Zikiwa zimebaki dakika chache tukapata mpira wa adhabu pembeni. Keisha akasema achia, mtu mmoja akauruka mpira, Sukhi akatokea nyuma ya Zuhura, kichwa, wavuni. Zuhura aliruka naye. Alizidiwa kwa unyoya. Nilipiga ukelele ambao nadhani umefika Etobicoke.

Sare. Tumepita. Doug kambeba Megan, au Megan kambeba Doug, sikuona vizuri. Timu ipo. Mwakani ipo. Wasichana walinimwagia maji ya baridi kwenye koti langu lililopigwa pasi.

Zuhura alipanda basi la chuo chake. Sikupata kumshika mkono.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Nimelala mpaka saa nne, jambo ambalo silifanyi.

Zuhura alikuwa jikoni, amechemsha chai ya tangawizi, amenimiminia. Tukakaa. Nikamsifu kwa mchezo wake. Akashukuru, kwa Kiingereza. Akasema Keisha ni hatari, ila matamshi yake yanaumiza masikio.  Kisha nikamuuliza lililonikosesha usingizi. Alijuaje kwamba nadanganya?

Akazungusha kikombe. Na akanijibu kwa Kiswahili. Polepole, anatafuta maneno, lakini Kiswahili, kilichonyooka.

"Mama, ukisema kweli unapiga kelele. Ukinidanganya unakuwa mpole. Unaniita mwanangu. Kama siku za sindano, ulisema haiumi, mwanangu. Kama baba alipoondoka, ulisema anarudi, mwanangu." Akanywa chai. "Kama mwakani tunakwenda kumwona bibi."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ananieleza mpira tu.

Nilitaka kumwambia kuhusu kazi, likizo, tiketi, msimu, sababu zangu zote, na zote ni za kweli. Nikasikia sauti yangu kooni inaanza kulainika. Nikaifunga.

Nikasimama. Nikavuta pumzi kama niko kando ya mstari na tumebakiza dakika moja. Nikasema Desemba tunakwenda Tanga, mimi na wewe, mtihani wako wa mwisho ukiisha tunapanda ndege! Nilisema kwa sauti yangu yote, mpaka vikombe vikalia kabatini.

Jirani akagonga ukuta.

Zuhura akanitazama sana. Akauliza, "Desemba hii?"

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Jirani akagonga tena.